Mmoja nyumbani akipatikana na brusela, wale wengine unawapima vipi

Ami yangu alianza homa kama wiki ya tatu baada ya Idi. Jioni inapanda, usiku anatoa jasho mpaka shuka unaikamua, asubuhi yuko sawa anaenda zake kazini, alafu magharibi tena yale yale. Kemisti ya kwanza wakamwambia malaria, akameza dawa. Ya pili wakasema taifodi, akadungwa sindano siku tano, na mgongo ukazidi kumuuma hadi akawa anainuka kitandani kwa kushika ukuta. Mwezi na nusu umekatika ndo daktari mmoja akamuuliza swali ambalo hakuna aliyemuuliza, mzee, maziwa unakunywa ya wapi? Kumbe ni brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, na maziwa mabichi ni moja ya njia zake.

Na sisi sote nyumbani tulikunywa maziwa hayo hayo. Mjomba wangu wa Garsen, kule Tana River, Ramadhani nzima alikuwa anatutumia kidumu cha maziwa ya ngamia na basi, na kila magharibi tunafungulia tende na glasi ya maziwa, mabichi, kwa sababu watu wanasema ukiyachemsha dawa yake inatoka, na nyanya ana sukari kwa hivyo yeye ndo aliwekewa glasi kubwa. Mimi ni mhudumu wa afya wa jamii hapa Kisauni, Mombasa, nyumba karibu mia moja ziko kwenye daftari langu, na hii homa imekaa ndani ya nyumba yetu wiki sita sijaitambua. Ilinichoma sana. Basi nimeandika hapa vile tulivyowapima wengine, hatua kwa hatua, pamoja na yale tuliyokosea mwanzo, ili wewe usianzie sifuri.

Kwanza hakikisha huyo mgonjwa wenu ni brusela kweli

Usikimbilie kupeleka watu kumi maabara kwa sababu ya karatasi moja. Hapa kwetu kuna kile kipimo cha haraka ambacho kemisti nyingi wanakifanya pamoja na cha taifodi, tone la damu, dakika chache, unaambiwa una brusela. Kile kipimo kinadanganya sana. Kuna utafiti ulichapishwa 2017 kuhusu hospitali za magharibi mwa Kenya, na ulionyesha kinawaambia watu wengi wanaugua na kumbe hawana kitu, wanameza dawa kali za bure na ugonjwa wao wa ukweli unabaki pale pale.

Kipimo cha kuulizia kinaitwa Rose Bengal. Sio aibu kuuliza, waambie tu kwa heshima, samahani, brusela hapa mnapima kwa Rose Bengal ama kwa ile ya haraka? Mimi niliomba kuangalia cha ami kikifanywa. Fundi wa maabara aliweka tone la maji ya damu, yale meupe yanayobaki juu damu ikishatulia, kwenye kigae cheupe, akaweka kando yake tone la dawa ya rangi ya waridi, akayachanganya na kijiti akawa anakiyumbisha kile kigae taratibu kwa dakika nne. Kama hakuna kitu inabaki rangi moja laini. Ya ami ilianza kukatika mbele ya macho yangu, chembechembe, kama maziwa yaliyochacha ukiyabandika motoni. Hospitali kubwa wanaweza pia kuotesha damu ili wamuone mdudu mwenyewe ila majibu yanachukua siku nyingi.

Hiyo karatasi ya mgonjwa wa kwanza itunze, piga picha uweke kwa simu. Kila atakayeenda kupimwa baadaye aende nayo, manake mtu akifika hospitali akasema tu nina homa atarudishwa na dawa ya malaria.

Pili tuliza nyumba

Hii fanya siku hiyo hiyo kabla ya kulala. Kwetu wifi yangu alikuwa ashatenga kikombe cha ami, sahani yake, na watoto wameambiwa wasiingie chumbani kwake, mzee wa watu amelala peke yake anasikia wajukuu wanacheza uani. Haikuwa na haja! Brusela haipiti kwa kikombe, wala kwa kukohoa, wala kwa kusalimiana mkono. Mtu kumuambukiza mtu ni nadra sana, kuna visa vichache vya kupitia kunyonyesha, kujamiiana ama kuongezwa damu, basi.

Kinachofanya wawili watatu waugue nyumba moja ni kwamba wamekula kitu kimoja. Haya si ya kubahatisha, yanajulikana zaidi ya miaka mia sasa. Kule kisiwa cha Malta daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimpata huyu mdudu 1887, na wanajeshi wa Uingereza wakaendelea kuugua miaka na miaka, mpaka 1905 daktari wa huko, Themistocles Zammit, akagundua yuko kwa mbuzi, na jeshi lilipoacha maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata ugonjwa ukashuka kabisa. Watu hawakutengwa, maziwa ndo yaliachwa. Kwa hivyo swali la kuuliza nyumbani lisiwe nani kamuambukiza nani, swali ni tulikula nini pamoja.

Tatu fungua daftari, na usiandike waliolala nyumbani, andika waliokunywa

Hapa ndo mimi nilikosea mwanzo. Niliandika watu tisa wa nyumbani nikaona nimemaliza. Usiku nimelala ndo nakumbuka Ramadhani kwetu huwa mlango haufungwi. Shangazi wa Likoni alivuka feri mara mbili akafuturu na sisi. Mpangaji wa chumba cha nyuma alikuwa anapelekewa jagi lake. Watoto wawili wa jirani walikuwa wanakuja na vikombe vyao kabisa. Dada anayetusaidia kazi alikuwa anakunywa jikoni yale yanayobaki, na sijamuandika, kwa sababu gani sijui, na yeye ndo alikuwa anayamimina na kuosha vidumu. Na mpwa wangu ameshafungua shule ya bweni, yuko mbali, hakuna anayemfikiria. Orodha ikafika kumi na tano.

Chora mistari kwenye kurasa mbili za daftari. Jina, umri, amekunywa ama hajanywa, mara ngapi, mara ya mwisho lini, ana dalili gani na zimeanza lini, mjamzito ama la, dawa anazotumia, amepimwa tarehe ngapi, majibu. Ile ya mara ya mwisho lini usiiruke. Huyu mdudu hulala mwilini, mara nyingi wiki mbili mpaka nne kabla ya homa kuanza, lakini wengine inachukua miezi, na hapo ndo watu wanapotea, maziwa umekunywa Ramadhani, homa inakuja ushasahau hata kidumu kilikuwa rangi gani.

Pia usiulizie maziwa peke yake. Uliza nani amechinja, nani ameosha matumbo kwa mikono mitupu ana kidonda, nani alisaidia mbuzi kuzaa ama aliokota mimba iliyoharibika akaitupa. Huku Kisauni, Mishomoroni, Likoni, watu wanafuga mbuzi uani, sio mambo ya wafugaji wa bara peke yao. Mbuzi akitupa mimba yale maji na kondo yamejaa wadudu, na aliyeyagusa anaingia kwenye daftari hata kama maziwa hajaonja.

Nne uliza dalili, mmoja mmoja na pembeni

Ukiwauliza watu sebuleni wote pamoja kila mtu atasema yuko salama. Kaa na mtu peke yake. Na usimuulize una homa? Uliza usiku shuka inalowa? Ukiamka unajisikia umechoka kama umebeba mizigo bandarini? Viungo vinauma, kiuno, goti, na maumivu yanahama leo hapa kesho pale? Chakula kina ladha? Nguo zimekulegea?

Wazee wanahitaji subira. Nyanya nilimuamkia, shikamoo nyanya, nikakaa naye kitandani tukaongea ya dunia nusu saa, alafu ndo akaniambia mwanangu huu mgongo ni uzee tu. Nikamuuliza uzee umeanza lini, akasema mwezi huu. Basi huo sio uzee.

Wanaume waulizwe na mwanaume mwenzao kama wewe ni mwanamke, kuna dalili hawatakuambia. Brusela inaweza kuvimbisha korodani, ikauma sana, na mtu anadhani ni ugonjwa wa zinaa, anakaa nao kimya na aibu yake. Ndugu yangu ndo alimuuliza mpangaji na kweli ilikuwa hivo, wiki mbili anatembea akijishika na hajasema neno.

Kwa wanawake uliza kuhusu mimba, na uliza pole pole. Huu ugonjwa unaweza kuharibu mimba hata kwa binadamu. Kama kuna aliyepoteza mimba miezi hii na alikunywa, muandike, na usimlaumu kwa chochote.

Tano amua nani anaenda kesho asubuhi na nani anasubiri

Pesa za kuwapeleka wote siku moja hatukuwa nazo, na nadhani wengi wako hivyo. Wa kwanza kabisa ni yeyote mwenye dalili, hata ndogo. Mjamzito anaenda hata kama hana dalili. Wadogo na wazee, wenye ugonjwa wa moyo, wenye virusi vya ukimwi ama ugonjwa wowote unaopunguza kinga, hawa usiwacheleweshe. Waliokunywa na hawana kitu wanafuata, ikiwezekana wiki hiyo hiyo. Ambao hawakunywa wala kugusa hawana haja ya kutobolewa kidole, waache.

Na kuna dalili za kukimbia nazo hospitali usiku usiku, shingo kukakamaa na kichwa kupasuka, kuchanganyikiwa, miguu kufa ganzi ama kukosa nguvu, kukosa pumzi, kifua. Brusela ikiingia kwa moyo ama ubongo sio kawaida lakini ndo inayoua.

Kwetu wenye dalili, ukimhesabu na ami, walikuwa wanne. Wale wengine watatu tuliwapeleka hospitali ya umma kwa sababu pale wangeonwa na daktari na kupimwa mahali pamoja, na pia ukienda na karatasi ya ami wanaelewa haraka. Uliza bei kabla ya kutolewa damu, beba vitambulisho, na kama mmejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, ulizia nini kinalipiwa.

Mkifika mseme hivi, bila kuzunguka: kwetu kuna mgonjwa aliyethibitishwa brusela, karatasi hii hapa, na huyu amekunywa maziwa yale yale tarehe fulani, ana hili na hili. Daktari akisema brusela Mombasa haipo mwambie kwa upole kwamba maziwa yametoka Tana River. Kenya yenyewe 2015 iliiweka brusela kati ya magonjwa matano ya wanyama ya kushughulikiwa kwanza, pamoja na kimeta, malale, kichaa cha mbwa na homa ya Bonde la Ufa.

Sita majibu yana maana gani

Hapa watu wanachanganyikiwa sana nami nitakaa kidogo.

Ana dalili, alikunywa, na kipimo kimeonyesha. Huyo anatibiwa, ila daktari aangalie kwanza kama si TB, hasa akiwa na kikohozi ama mgongo, kwa sababu TB ya uti wa mgongo na brusela ya uti wa mgongo zinafanana, na moja ya dawa za brusela, rifampisini, ni dawa ya TB pia. Ukimpa mtu wa TB dawa hiyo bila zile zingine unamfundisha mdudu wa TB kuizoea.

Ana dalili lakini kipimo kimesema hakuna. Usiseme alhamdulillah mkarudi nyumbani. Askari wa mwili, zile kingamwili ambazo kipimo kinazitafuta, wanachukua muda kuonekana kwenye damu, akipimwa mapema sana hawaonekani. Apimwe magonjwa mengine, malaria ikiwemo, na arudi kupimwa brusela baada ya wiki mbili. Mpangaji wetu ndo ilikuwa hivo, mara ya kwanza hakuna, mara ya pili ikakatika kama ya ami.

Hana dalili yoyote lakini kipimo kimeonyesha. Huyu alitusumbua, alikuwa ni shangazi wa Likoni, mzima kabisa anauza mahamri yake kila asubuhi. Kipimo hakimuoni mdudu, kinaona askari wa mwili, na askari wanaweza kubaki miezi mingi hata baada ya mtu kupona, ama kwa mtu aliyekutana na mdudu zamani. Kwa hivyo karatasi peke yake sio sababu ya kumeza dawa wiki sita. Daktari alimpangia arudi baada ya wiki chache na aje mara moja homa ikianza. Hakumeza kitu, na hakuugua.

Hana dalili na kipimo hakionyeshi. Anabaki kwenye daftari. Mimi nilikuwa nawapigia simu ama nawapitia kila wiki mbili kwa miezi sita, dakika mbili tu, shuka inalowa? unakula vizuri? Kwa mpwa wa bweni tulimpigia matroni tukamueleza, tukamwambia akipata homa asipewe panadol akalazwe tu, atupigie.

Saba dawa hazigawanwi

Nasema hili kwa uchungu kwa sababu karibu litokee kwetu. Ami alipopewa dawa zake, mtu akasema si tugawane na wengine kwani tumeugua kitu kimoja. Hapana. Brusela inatibiwa kwa dawa mbili pamoja, mara nyingi doksisaiklini kwa wiki sita, pamoja na rifampisini wiki sita ama sindano za streptomaisini wiki mbili tatu. Dawa moja peke yake, ama mbili kwa siku kumi, homa inatulia mnashangilia alafu inarudi. Na dawa za mtu mmoja sio za mwingine, mjamzito na mtoto wa chini ya miaka minane hawapewi doksisaiklini kama mtu mzima, wana mpango wao ambao daktari ataandika.

Mambo madogo ambayo hatukuambiwa kwa dirisha la dawa tukayajua baadaye. Rifampisini inageuza mkojo rangi ya chungwa, hata machozi, wifi alipiga kelele akidhani ni damu, ni kawaida. Inaziharibia nguvu tembe za kupanga uzazi, na inagongana na dawa za virusi vya ukimwi na dawa nyingine nyingi, za sukari pia, kwa hivyo nyanya tulibeba dawa zake zote kwa mfuko tukazimwaga mezani kwa daktari. Doksisaiklini imezwe na maji mengi ukiwa umekaa wima, usilale papo hapo inachoma koo, usiiteremshe kwa chai ya maziwa, na jua la Mombasa likikupiga ngozi inaungua kwa hivyo tafuta kivuli ama jifunike.

Tulibandika karatasi kwenye friji, majina matatu, ami, nyanya, mpangaji, siku arobaini na mbili, na anayemeza anapiga tiki mwenyewe. Wa nne mwenye dalili alikutwa na malaria, akatibiwa malaria akapona.

Nane chanzo

Ukipima watu na kidumu bado kinakuja na basi umefanya kazi bure. Chemsha maziwa mpaka yafure na yapande, ya ng'ombe, mbuzi, ngamia, yote, na yale ya kugandisha yachemshwe kwanza ndo yagandishwe, manake kuchacha peke yake hakumuui mdudu kwa uhakika. Moto wa nyuzi 72 kwa sekunde 15 unatosha kummaliza, sasa ukichemsha hadi yakapanda umepita hapo mbali. Nyanya tulimueleza hivyo, akanyamaza, alafu akasema basi chemsheni mniletee na iliki.

Kama ni mbuzi wenu wa uani muite daktari wa mifugo wa kaunti apime kundi. Usimuuze sokoni aliyetupa mimba, utakuwa umempelekea mwenzako. Yaliyotoka usiyashike mikono mitupu, vaa glavu ama mfuko wa plastiki mzima usiotoboka, zika shimo refu ambapo mbwa hafukui.

Na umpigie aliyeleta. Hii tuliiogopa, tuliona kama tunamlaumu mjomba wakati yeye alitufanyia hisani. Mamangu ndo alimpigia, dada yake, akamuanzia na salamu za nyumba nzima, alafu akamwambia kaka, hatukulaumu, lakini wewe na watoto mnakunywa hayo hayo kila siku, hamna mwenye homa? Simu ikanyamaza kidogo. Akasema mkewe ana homa za jioni tangu kabla ya Ramadhani, wamemnywesha mwarobaini. Wiki hiyo hiyo walienda hospitali ya Hola na picha ya karatasi ya ami kwenye simu, na mjomba akafungua daftari lake kule.